Watatu na Kimoja

Somo la familia lilikuwa pia somo la kuhesabu: kizibo kimoja cha soda kwa kila mtu wa nyumbani. Mwalimu wa chekechea alichuchumaa mbele ya Pengo, binti aliyeitwa hivyo kwa meno yake ya mbele.

"Baba, mama, mimi. Watatu." Kisha binti akachukua kizibo kilichobonyea, akakiweka mbali, ukingoni mwa mkeka. "Na kimoja."

"Mtu hatumwiti kimoja, mwanangu. Tunasema mmoja. Haya, jumla wangapi?"

"Watatu na kimoja."

Wenzake wakaangua kicheko. Hata mwalimu akatabasamu. "Huyo wa pembeni ni nani?"

"Ni kaka. Baba anasema hicho si mtu, tusikihesabu. Kinakaa chumba cha nyuma. Kikilia, tunafungulia redio."

Tabasamu likamkauka mwalimu. Kwenye fomu ya shule, mama mtu aliandika: mtoto mmoja tu.

Na huyo hapo mlangoni, amekuja kumchukua binti yake, macho yameganda kwenye kizibo kilichobonyea.

Mwalimu akakisogeza taratibu, kikagusana na wenzake.

"Karibu, mama. Hebu nawe tuhesabie."