Saa Kumi na Sita Angani

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi.

Mama alikuwa ametoka kukata roho, vidole vyake bado vina joto mkononi mwangu pale wodini, mdogo wangu alipopiga simu. Alikuwa kwenye foleni ya kupanda ndege.

"Dada, mwambie Mama nimenyoa zile ndevu asizozipenda. Ni kilomita elfu kumi na tatu, saa kumi na sita bila kutua. Atanisubiri?"

Shangazi akaninong'oneza, "Usimwambie. Huko juu atalia na nani?"

Nilimwomba Mungu anipe neno lisilo la uongo.

"Panda, mdogo wangu," nikasema kwa sauti, shangazi na nesi wakinisikia. "Hatutamwacha peke yake mpaka umwone. Nakuahidi."