Udongo wa Bwera

Tangu Jumatatu Docus alikuwa akilala na mfuko wa udongo kitandani, na funguo za maabara shingoni.

Alikuwa na sababu. Makala yake katika jarida la kimataifa ilisema udongo wa kwao Bwera hunasa asilimia tisini na nne ya kobalti iliyomo majini, kwa hiyo ungefaa kusafishia maji yenye taka za mionzi. Kwa tarakimu hiyo alikuwa amepata nafasi ya kusoma uzamivu. Kisha mwenzake Byamukama akarudia kipimo hapo hapo kwenye maabara yao Kasese, akapata thelathini na moja, akawaandikia wahariri. Docus akapewa siku kumi: athibitishe tarakimu au makala ifutwe.

Mtu mwenye nia njema angemwambia yeye kwanza. Tangu siku hiyo Docus hakunywa hata chai iliyomiminwa na Byamukama.

Tena alishamkuta akimimina asidi ndani ya chupa zake za kupimia.

"Dada, mimi nilikuwa naosha tu," Byamukama alisema. "Hii chupa zako iko chafu."

Chafu! Docus, aliyelelewa na mama asiyevumilia doa kwenye sufuria? Chupa zile alizisugua mwenyewe kwa majivu ya jikoni, kama kwao, mpaka zikawa zinalia ukizigusa. Lilimuuma neno hilo kuliko barua ya wahariri.

Basi akaenda Bwera, akachimba udongo mpya kwa mkono wake, akarudi kujifungia maabara. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata kizibo. Akapata tisini na nne. Akarudia, ikawa ile ile.

Yunia, mkuu wa maabara, alipoona matokeo na kusikia kisa cha asidi, alimwachisha Byamukama kazi asubuhi hiyo hiyo. Byamukama alichukua koti lake akaenda zake kwao Bwesumbu. Docus aliona raha, wala hakuificha.

Likabaki jambo dogo. Wahariri, kwa utaratibu wao, walitaka pia kipimo cha maji yale ya kobalti ndani ya chupa isiyo na udongo. Docus aliguna. Pasipo udongo, nini kingeinasa kobalti? Hata mtoto angejua jibu ni sifuri. Akachukua chupa yake safi, aliyoisugua kwa majivu kama zile nyingine, akamimina maji, akasubiri, akayapeleka kwenye mashine huku akitunga kichwani barua ya kuwasuta.

Mashine ikaandika: imenaswa asilimia tisini na nne.