Kiatu cha Kushoto cha Korongo

Kundi la baleti la ndege lilikuwa na nyota mmoja, Korongo, na Heroe alikuwa amechoka kucheza nyuma yake. Siku ya onyesho akatia mwiba katika kiatu cha kushoto cha Korongo.

Korongo akatoka na kiatu cha kulia tu, akacheza kwa mguu mmoja mpaka mwisho. Ukumbi ukamshangilia.

“Dada Heroe,” akasema mbele ya wote, “goti la kushoto limegoma. Leo nastaafu. Nafasi yangu chukua wewe, na viatu hivi pia. Vivae tukuone.”

Heroe akavipokea. “Ngoja nivikung'ute kwanza, dada.”

Mwiba ukaanguka. Korongo akautazama, akashusha pumzi.

“Vikung'ute hivyo kila siku,” akasema. “Kuanzia leo wapo watakaochoka kucheza nyuma yako.”