Taa za Bi Sharifa

Asubuhi hiyo Mishi, mtumishi wa nyumbani, alikuwa anasugua taa mbili za ukutani kwa ndimu na majivu, kama walivyosugua masinia ya shaba kwao. Mwenye nyumba, Bi Sharifa, alikuwa anarudi jioni, na taa hizo za Kifaransa zilizopakwa dhahabu ndizo pekee alizoachiwa na marehemu mama yake.

Lakini kadiri Mishi alivyosugua, taa zilizidi kuwa za kahawia, na kitambaa alichosugulia kikazidi kung'aa.

Tatu, mpishi, akachungulia. "We shoga, umeziosha au umezivua nguo?"

"Si uchafu tu huu?"

"Uchafu gani unametameta hivyo?"

Mishi akamtumia Bi Sharifa ujumbe: "Mama, dhahabu ya taa imehamia kwenye kitambaa. Nikifue au nikiweke?"

Bi Sharifa akausoma. Mishi akabaki amekifumbata kile kitambaa, kama aliyeshika kifaranga.