Sura Isiyo na Mwenyewe

"Pua si hiyo," mama alisema. "Ipanue kidogo, mwanangu."

Mchoraji wa polisi alifuta, akachora upya. Hakuwa na picha ya kuigia. Alikuwa na penseli yake, na maneno ya mama huyu aliyekuwa akiuza pete na mikufu katika duka la sonara. Jana yake adhuhuri jambazi aliingia dukani peke yake, kafunga kitambaa usoni. Alipoinama kukomba pete, kitambaa kikateleza, na mama akamwona.

Ila jana hiyohiyo alikuwa amesema hakuona kitu.

Inspekta alisimama nyuma ya kiti cha mama, mikono kifuani. "Jana hukuona. Leo unakumbuka mpaka kishimo cha kidevuni. Mama, unatuchezea?"

"Jana nilikuwa natetemeka, afande."

Inspekta alimvuta mchoraji pembeni. "Mtu akibuni sura, kesho keshaisahau," alinong'ona. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Rudi kesho, mama. Tutaanza upya."

Kesho yake akarudi. Nyusi zilizokutana. Sikio la kushoto lililochomoza. Pua pana. Kishimo. Hakubabaika hata mara moja. Mchoraji alipomaliza, Inspekta alizilaza karatasi mbili mezani. Zilifanana kama pacha.

"Haya, nimenyoosha mikono," alisema, ingawa jicho lake halikubanduka kwa mama. "Zibandikwe mji mzima."

Mama alifika nje ndipo akashusha pumzi. Walau hakuna mtoto wa mtu atakayeonewa kwa sura ile. Wangetafuta mpaka wachoke.

Siku ya tatu akaitwa kituoni. Inspekta alimpokea mlangoni, meno yote nje.

"Kinyozi mmoja katupigia simu! Mteja wake, sura ileile. Na pete tumemkuta nazo. Unisamehe mama yangu, nilikutilia shaka bure." Akamfungulia mlango wa chumba cha ndani. "Njoo umtambue."

Kwenye benchi aliketi mwanawe wa pekee, pingu mikononi, ameikodolea macho ile karatasi.

"Mama," alisema polepole, "mbona umewachorea marehemu baba?"