Kura ya Ng'ombe

Ng'ombe wa Jentrix alikuwa anashindwa na mume wa Jerop kwa kura chache tu, na Jerop mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpigia ng'ombe debe.

"Dada Edah, umeshapiga? Bado? Hebu piga sasa hivi. Fikiria Jentrix, ng'ombe ameibwa, na mtoto bado ananyonya chupa." Simu ameibana begani, mikono iko kwenye nywele za mteja, kidole cha kati cha mkono wa kushoto kimesimama peke yake kwa sababu hakikunjiki. Alikuwa amechoka, jamani. Saluni yake hapo Matisi ni mabati na kioo kimoja, alikuwa amesimama tangu asubuhi, na leo ni Alhamisi, siku ya kura.

Maana lile kundi lao la maombi kwenye WhatsApp lilikuwa limejaa. Kutoka Kitale hadi Bungoma watu walimwaga shida zao humo, mpaka Pasta Job akashindwa ashike ipi aache ipi. Akaamua zipigiwe kura. Ombi likiongoza Alhamisi, Ijumaa kundi zima linafunga kwa ajili yake, halafu kila mtu analihangaikia kwa njia yake: anauliza, anapiga simu, anasambaza picha. Na mpango huo ulikuwa unafanya kazi, usicheke. Kitambulisho cha Joy kilipatikana Cheptais. Mguu wa Mzee Barasa ukapata daktari.

Ombi la kwamba Kiplangat, mume wa Jerop, arudi nyumbani liliwekwa na mama yake, Mama Chepkemei. Kiplangat alitoka asubuhi moja bila kuaga mtu, simu ikazimwa, basi. Tangu hapo ombi lake lilikuwa linaburuta mkia kila Alhamisi, na kila Alhamisi Jerop alikuwa anasemea ya wenzake. Mvua kwanza. Kazi ya Levi kwanza. Mguu wa Barasa kwanza.

"Na wewe je?" watu walimwuliza.

"Mimi niko sawa. Wenye shida ni wengi."

Wakampenda kwa hilo. Wakasema wanawake wa aina hiyo hawapatikani tena: analea watoto peke yake, hajaangalia mwanamume mwingine, hajalalamika hata siku moja. Pasta Job ndiye aliyemwambia, miaka ile ya nyuma alipomwendea na kidole kimevunjika, avumilie tu, na alijivunia kuona neno lake limeshika. Jumapili iliyopita alimtaja mimbarini. Hapo ndipo Kiplangat alipoanza kupanda kwenye kura.

Jerop, kwa upande wake, ile kampeni ilikuwa inammaliza. Kila wiki atafute ombi zuri, alisemee, awakumbushe wavivu, asihi, abembeleze. Akifika nyumbani anajitupa kwenye kiti hata leso hajavua, na Judy, kifungua mimba wake, anamletea chai. Watoto walikuwa wanaendelea vizuri. Matthew aliacha kukojoa kitandani bila dawa yoyote, na siku hizi walicheza kwa kelele mpaka jirani anagonga ukuta.

Mchana huo simu ikaanza kulia bila kukoma. Alikuwa Jentrix, ametuma sauti kwenye kundi.

"Ndugu zangu, mimi ng'ombe yangu naitoa. Huyu dada amebeba shida zetu zote na yake imekaa tu hapo chini wiki zote hizi. Mimi nampigia Kiplangat. Na nyinyi pia, kama mko na utu."

"Jentrix, usifanye hivyo," Jerop akaandika mbio mbio. "Ng'ombe ni muhimu. Tafadhali."

Lo, hapo akaharibu kabisa.

"Si mnaona?" akaandika Levi. "Ati hata sasa anakataa!"

Mzee Barasa akaandika kwa herufi kubwa: NIMEPIGA KULA YANGU. Vijana wakamcheka, "Mzee, hii hailiwi bana," kisha wakapiga zao. Edah akapiga. Joy akapiga. Kufikia jioni hakuna ombi lililowahi kuongoza namna ile tangu kundi lianze.

Mama Chepkemei akampigia simu. "Mwanangu, umeona wanavyokupenda?"

"Nimeona, Mama," Jerop akasema. Mama mkwe alikuwa analia, na yeye pia alikuwa analia.

Ijumaa watu wakafunga. Picha ya Kiplangat ikazunguka, simu kwa simu, soko kwa soko. Jerop alifungua saluni lakini hakusuka mtu. Wateja wawili walikuja akawaambia mwili unamuuma, wakamwombea wakaenda.

Jumamosi, ugali ukiwa bado motoni, Wamalwa wa Kamukuywa akatuma video kwenye kundi. Kiplangat huyo hapo, kwenye karakana ya mbao Bungoma, amenenepa, anajificha uso kwa mkono huku akicheka.

"TUMEMPATA! Alikuwa tu anaona aibu kurudi. Tumemwambia bibi yake anamngoja na amemsamehe yote. Tuko naye kwa gari, tumeshapita Kamukuywa. Dada Jerop, weka chai!"

Haleluya zikamiminika hata hazisomeki. Jerop akaandika, "Bwana asifiwe." Akaepua sufuria, akazima jiko, akafunga mlango wa mbele kwa komeo.

"Judy, mvalishe Matthew viatu," akasema kwa sauti ya chini. "Baba yenu anakuja. Tutapitia nyuma."