Mhusika Aitwaye Obuya

Obuya alivua viatu mlangoni, akaweka kilo moja ya sukari mezani, kisha akauliza swali lake la kila Jumamosi.

"Leo ataonekana?"

"Keti kwanza, mzee," Waringa akamwambia. "Meza ndiyo itasema."

Karanja na Kui wakatazamana, wakatabasamu. Jamani, huyu mzee! Wao walikuwa wamecheza miaka mitatu katika sebule hii ya Waringa, mtaani Jamhuri, na bado walijisahau wakaanza habari za mpira au foleni ya Ngong Road katikati ya mchezo. Obuya leo alikuwa amekuja mara ya nne tu, na hakuna aliyewahi kumwona akimvua mhusika wake. Hata wakati wa chai alibaki kuwa Obuya. Jina lake halisi hawakulijua wala hawakuuliza, maana sheria ya Waringa ilikuwa hiyo: ukishaingia mlangoni, unaitwa kwa jina la mhusika mpaka utoke.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Kila mmoja anajivika mtu wa kubuni, Waringa anasimulia yanayowapata, na penye shaka dadu inaamua. Hadithi yao ilikuwa ya Nairobi hii hii, ila Nairobi ambamo waliopotea na waliokufa hupishana na watu barabarani. Kui alikuwa mjane anayemsaka muuaji wa mumewe. Karanja alikuwa mchinjaji aliyeibiwa kivuli.

Tangazo alilobandika Waringa kwenye ukuta wa mkahawa wa jirani lilisema: njoo Jumamosi saa nane na historia ya mhusika wako, ni nani, ametoka wapi, anatafuta nini. Wengi huleta mistari miwili ya ovyo ovyo. Obuya alileta kurasa nne za daftari, zimeandikwa pande zote.

Aliandika juu ya binti yake, Peres, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwenye fleti moja ya Parklands. Jumapili moja alitoka kwenda kanisani, asirudi. Ni miaka minne sasa. Watu wa nyumbani wamechoka kungoja. Wanataka kuzika tunda la mwegea mahali pa mwili, walie, yaishe. Baba mtu amekataa, nao wamempa mwezi mmoja. Na pale pa kusema anatafuta nini, aliandika maneno manne: kujua kama yuko hai.

"Kuzika tunda!" Karanja alisema siku ile ya kwanza, mzee alipokwisha kuondoka. "Huyu buda ni moto. Mtu anatoa wapi kitu kama hiyo?"

Waringa hakucheka. Peres alikuwa amemwingia. Alimwona jikoni akiosha vyombo, amempa mgongo. Alimsikia kwenye ngazi za ofisini, na mara mbili aligeuka barabarani akidhani ameitwa. Aliogopa, kusema kweli, lakini pia alijivunia. Ndivyo anavyofanya mwendesha mchezo anayeijua kazi yake: historia uliyopewa unairudisha kwa mwenyewe kidogo kidogo. Juma la kwanza alimpa mzee fununu, juma la pili simu iliyolia na mtu akawa anapumua tu, la tatu kiatu kimoja. Kila mara mzee alienda nyumbani ameinama zaidi. Leo, Waringa aliamua, atampa mwisho wake. Hangeweza kukaa na msichana yule kichwani juma jingine.

"Uko Dagoretti, nyuma ya soko," akaanza, sauti ikishuka. "Kuna mama anauza supu karibu na kichinjio. Nyuma yake kuna msichana ameinama, anaosha vikombe. Uso hauonekani."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Amevaa nini?"

"Kitambaa cha kijani kichwani."

"Kijani," mzee akarudia polepole, kama mtu anayejifunza njia.

"Sasa rusha dadu, mzee. Ukipata kumi na tano kwenda juu, ni yeye."

"Rusha wewe. Hiyo ni kazi ya mkono wako."

Hilo nalo lilikuwa la kila Jumamosi. Dadu hakuwahi kuigusa. Waringa akaitikisa ile dadu ya pande ishirini, akairusha nyuma ya kipande cha katoni kilichowazuia wengine kuona. Ikabingirika, ikatulia.

Mbili.

Aliitazama. Mbili ilikuwa na maana moja tu: msichana atageuka, naye atakuwa mtoto wa mtu mwingine. Kui alikuwa amejiziba mdomo. Mzee hapumui. Waringa, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kudanganya hata mara moja, akaiokota haraka.

"Ishirini," akasema. "Anageuka. Ni Peres, baba. Yuko hai."

Obuya alilia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, hadi Karanja naye akafuta macho kwa mkono wa shati. Mungu wangu, mchezo wao haukuwahi kufika hapo! Waringa alisisimka mwili mzima kwa furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na baridi ambayo hakujua imetoka wapi.

Mzee akainuka, akamshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa mbele yake. Kisha akatoka hadi kwenye ngazi na kuchomoa simu mfukoni.

"Huyo sasa ndiye mchezaji," Karanja akanong'ona.

"Mama Peres," sauti ya mzee ikasikika kutoka nje, bado imejaa machozi, "waambie wazee waache kuchimba. Yule mpiga ramli wa Jamhuri amemwona mtoto, yuko Dagoretti, naenda kumleta."